Nuru iliyofichika katika masizi: punje za kaboni na kazi ya waganga

Mama wa nyumba hana urafiki na masizi. Huyaona chini ya sufuria, huyaona darini mwa jiko, huyaona kwenye kioo cha taa, na kila mara huyafuta, maana kwake ni uchafu mtupu. Tena weusi wake wapita weusi wa vitu vingi tuvijuavyo. Hata hivyo, mwaka 2007, katika chuo kikuu cha Purdue huko Marekani, wataalamu watatu walikusanya masizi ya mshumaa wa kawaida, wakayachemsha katika tindikali kali, wakazitenga punje zake kadiri ya ukubwa wake, kisha wakaziangazia ile mionzi isiyoonekana iliyo ng'ambo ya rangi ya zambarau. Punje zikang'aa. Nyingine zilitoa mwanga wa buluu, nyingine wa kijani, nyingine wa manjano, hata wa machungwa.

Je, nuru hiyo yatoka wapi ndani ya kitu cheusi namna hii? Na kwa nini waganga wanaopigana na kansa wameisikiliza habari hiyo kwa hamu kubwa? Leo twataka kuwaeleza jambo hilo tangu mwanzo wake. Tutawaeleza vilevile mpaka wake, kwa kuwa habari njema ya elimu ikivushwa mpaka wake hugeuka udanganyifu, na mgonjwa ndiye anayelipa gharama.

Kaboni ni kitu gani?

Kaboni ni mojawapo ya vitu vya asili ambavyo ulimwengu umeundwa navyo. Twaishi nayo kila siku. Mkaa wa jikoni, karibu wote ni kaboni. Kile kijiti cheusi kilicho katikati ya penseli ya mwanafunzi kina kaboni iliyochanganywa na udongo. Almasi zinazochimbwa Kasai nazo ni kaboni, ingawa zameremeta kama maji safi. Tofauti yao haitoki katika kitu chenyewe, bali katika mpango wa atomu zake, kama vile matofali yaleyale yawezavyo kujenga ukuta, kisima au ngazi. Hata miili yetu ina kaboni tele: katika kila kilo 100 za mwili wa mtu, kilo 18 hivi ni kaboni. Ndiyo sababu wataalamu walitumaini kwamba mwili hautazikataa punje za kaboni kama unavyoyakataa madini mazito yenye sumu. Tumaini hilo ni la haki, lakini tumaini si ushahidi, nasi tutalirudia baadaye.

Sasa tuone ukubwa wake. Mwanafunzi achukue rula, aitazame milimita moja. Akiigawanya milimita hiyo katika sehemu milioni moja, kila sehemu huitwa nanomita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi. Punje tunazozisimulia leo kwa kawaida hazifiki nanomita 10. Yaani punje 700 zikipangwa mstari mmoja, mstari huo ungetosha tu kuvuka chembe moja ya damu.

Punje hizo zilionekana mara ya kwanza bila ya kutafutwa. Mwaka 2004, katika chuo kikuu cha South Carolina, Marekani, bingwa Xiaoyou Xu na wenzake walikuwa wakiyasafisha masizi yaliyotokana na cheche kali za umeme. Shabaha yao ilikuwa kuipata mirija midogo sana ya kaboni iliyokuwamo. Walipokuwa wakiitenga mirija na takataka, waliona kwamba sehemu moja ya zile takataka inang'aa. Wangaliweza kuimwaga, wakaichunguza. Mwaka 2006, katika chuo kikuu cha Clemson kilicho katika jimbo hilohilo, bingwa Ya-Ping Sun na wenzake walitengeneza punje hizo makusudi: waliipiga kaboni kwa miali ya laza, kisha wakazivika punje vazi jembamba la kitu chenye asili ya plastiki. Kabla ya kuvikwa, punje hazikung'aa. Baada ya kuvikwa, ziling'aa. Wakaziita nukta za kaboni, na jina hilo limedumu.

Kwinini, mwalimu wa kwanza wa mng'ao

Ili kuelewa jinsi nukta hizo zinavyong'aa, na tuiendee dawa ambayo wazee wetu waliijua kwa uchungu wake: kwinini. Watu wa Kivu wanaifahamu miti yake, maana tangu wakati wa utawala wa Wabelgiji ilipandwa mashambani huko, na magome yake yakapelekwa kiwandani Bukavu ili dawa itolewe. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitoa kwinini katika magome mara ya kwanza. Kwa miaka mingi ilikuwa ngao kuu dhidi ya malaria kali, mpaka mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliposhauri kwamba sindano ya atesuneti itangulizwe badala yake kwa wagonjwa wote walio mahututi.

Lakini kwinini ina sifa nyingine ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1845 Mwingereza John Herschel aliiyeyusha katika maji yenye tindikali kidogo, akayaweka maji hayo juani. Maji yalikuwa safi kabisa, hayana rangi. Hata hivyo juu yake palionekana utando mzuri wa mwanga wa buluu. Mwaka 1852 mwenzake George Gabriel Stokes, mwalimu wa Cambridge, alieleza sababu, akaupa mng'ao huo jina la floresensi, ambalo wataalamu walitumia hata leo.

Sababu yenyewe ni hii. Ndani ya atomu mna vitu vidogo vinavyoitwa elektroni. Mwanga ukiigonga elektroni, huipandisha ngazi ya juu. Elektroni haiwezi kudumu huko. Kwanza hushuka vidaraja vidogo vidogo, ikipoteza nguvu kidogo katika sura ya joto. Halafu huruka chini mara moja, ikiirudisha nguvu iliyobaki katika sura ya mwanga. Kwa kuwa sehemu ya nguvu imekwisha kupotea njiani, mwanga unaotoka ni hafifu kuliko ule ulioingia, nasi twauona uhafifu huo kama badiliko la rangi: zambarau huingia, buluu hutoka, buluu huingia, kijani hutoka, kijani huingia, nyekundu hutoka. Mambo hayo yote hutendeka upesi ajabu. Sekunde moja ikigawanywa katika sehemu bilioni moja, sehemu chache tu zatosha.

Badiliko hilo la rangi ndilo lenye faida kwa mganga. Akimwangazia mgonjwa mwanga wa rangi moja, kisha akaizuia rangi hiyo isirudi machoni pake kwa kioo maalumu, ataona giza kila mahali, isipokuwa pale penye kitu kinachong'aa. Ni kama kuitafuta taa moja kijijini usiku wa manane. Mchana hungeiona, usiku haiwezi kujificha.

Tena kwinini imebaki kuwa mizani. Wataalamu wakitaka kujua nukta za kaboni zinang'aa kiasi gani, mara nyingi huzilinganisha na kwinini. Katika kila mafungu 100 ya mwanga yanayomezwa na kwinini katika tindikali hafifu, mafungu 54 hivi hurudishwa kama mng'ao. Basi tazameni mwendo wa kazi hii. Nukta za masizi ya mshumaa za mwaka 2007 zilirudisha mafungu yasiyofika 2 katika 100. Zile za Clemson zilirudisha kati ya 4 na 10 hivi. Mwaka 2012 wataalamu wa jimbo la Odisha, huko India, walichukua maji ya machungwa, wakayapasha moto katika chombo kilichofungwa barabara, wakapata nukta zilizorudisha 26 hivi. Mwaka 2013 Bai Yang na wenzake wa chuo kikuu cha Jilin, China, walitumia asidi ya limau pamoja na kitu kingine chenye naitrojini, wakafikia 80 hivi. Katika miaka michache kitu kilichokuwa na mwanga wa kimulimuli mgonjwa kikaipita kwinini yenyewe.

Mganga mpasuaji anataka kuona nini?

Watu wengi wamekwisha kupigwa picha kwa mionzi aliyoivumbua Röntgen mwaka 1895, zile picha ambazo kwetu huitwa radio. Picha hizo huonyesha mfupa uliovunjika au pafu lililougua. Lakini siku ya kupasua, tumbo au kichwa kikiwa wazi, mganga hutegemea hasa macho yake na vidole vyake. Hapo ndipo penye hatari. Kansa si kama jiwe lililolala ndani ya nyama, ambalo mtu aweza kulichukua akaondoka. Ina mizizi, na mizizi hiyo yafanana sana na nyama nzima iliyo jirani. Mganga akikata kidogo mno, seli chache za kansa hubaki, nazo huota tena. Akikata zaidi ya haki, huondoa kitu ambacho mgonjwa anakihitaji. Na katika ubongo, ukubwa wa ncha ya kidole waweza kuwa ni usemi wa mtu au mkono wake wa kuume.

Ndiyo maana waganga wamekwisha kuutumia mng'ao kwa njia nyingine zisizo za kaboni. Kwa kansa fulani kali ya ubongo, mgonjwa hunyweshwa saa chache kabla ya kupasuliwa dawa ambayo seli za kansa huigeuza kuwa kitu chenye kung'aa. Mganga akiwasha mwanga wa buluu, uvimbe huonekana mwekundu kama kaa la moto, na ubongo mzima hubaki na rangi ya buluu. Mwaka 2006 Walter Stummer na wenzake wa Ujerumani walitangaza matokeo ya jaribio lao juu ya wagonjwa 270. Walipotumia mng'ao, uvimbe wote ulioonekana katika picha uliondolewa kwa wagonjwa 65 katika kila 100. Walipotumia mwanga mweupe wa kawaida, ni 36 tu. Hatusemi kwamba hao wote walipona, maana kansa hiyo ni ngumu na mara nyingi hurudi. Lakini mganga aonaye hufanya kazi tofauti na mganga anayepapasa. Mwaka 2017 dawa hiyo ilipata kibali pia huko Marekani, na mwaka 2021 nyingine ya kuing'arisha kansa ya kifuko cha mayai ya mwanamke ilipata kibali hukohuko.

Basi nukta za kaboni zinataka kuingia katika kundi hilo. Wataalamu wanazitumainia kwa sababu tatu: hazifubai upesi zikimulikwa muda mrefu, kama zinavyofubai rangi nyingi za kawaida, huyeyuka vizuri katika maji, na malighafi yake si ghali.

Nukta ndani ya mwili

Kabla ya nukta za kaboni zilikuwako nukta za madini, nazo ndizo zilizowapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Vijana wetu wafurahi kujua kwamba Bawendi, aliyezaliwa Paris mwaka 1961, ni mtoto wa baba Mtunisia, mwalimu wa hesabu. Nukta zao zina rangi nzuri mno, lakini nyingi katika zile zilizo bora zina kadimi ndani yake, na kadimi ni sumu iharibuyo figo na mifupa. Kwa taa na televisheni hilo lawezekana kuvumiliwa. Kwa damu ya mtu ni jambo jingine kabisa.

Nukta za madini zilifundisha somo moja lenye faida kwa nukta zote. Mwaka 2007 Bawendi, pamoja na mganga John Frangioni wa Boston na wenzao, walionyesha kwa wanyama kwamba punje ikiwa na upana usiopita nanomita 5.5 hivi, vazi lake likihesabiwa, figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Ikipita kipimo hicho, hubaki mwilini muda mrefu, ikikusanyika hasa katika ini. Figo ni kama chujio la mama apikaye chai: majani makubwa hubaki, madogo hupita. Mwaka 2009 kundi la Sun liliwadunga panya nukta za kaboni katika mshipa, na baada ya muda mng'ao ukaonekana katika kibofu na katika mkojo. Dalili hiyo ilikuwa njema.

Lakini kikwazo kikubwa kilibaki, nacho msomaji aweza kukiona mwenyewe. Usiku, shika tochi yenye mwanga mweupe, uizibe kwa vidole vyako. Vidole vitang'aa vyekundu. Mwanga mweupe una rangi zote ndani yake. Buluu na kijani zimemezwa na damu yako, na nyekundu peke yake imeweza kupenya. Sasa kumbukeni kwamba nukta nyingi za kaboni huamshwa na zambarau, nazo hutoa buluu. Rangi hizo mbili hazipenyi nyama. Nukta ya buluu iliyo ndani ya ini ni kama mtu anayepiga kelele nyuma ya ukuta mnene. Ndiyo sababu juhudi kubwa imekuwa kutengeneza nukta zinazoamshwa na nyekundu, na kutoa nyekundu au ile mionzi iliyo ng'ambo ya nyekundu, ambayo jicho halioni lakini kamera huiona. Hata hivyo nayo hupenya kiasi kidogo tu. Kwa hiyo kazi yake itakuwa pale ambapo mganga amekwisha kufungua mwili, au ameingiza bomba lenye taa tumboni, au ugonjwa uko karibu na ngozi.

Habari moja ya mwaka 2020 yastahili kusimuliwa. Seli za kansa hukua haraka, basi njaa yake ni kubwa, na nyingi huwa na milango mingi ya kuingizia asidi amino, vitu ambavyo protini za mwili hujengwa navyo. Wataalamu wa Beijing walitengeneza nukta za kaboni ambazo ukingo wake wafanana na asidi amino. Walipowadunga panya wenye uvimbe, seli za kansa zilizipokea nukta kama chakula, nazo ziking'aa kwa mionzi inayopenya. Kisha wakazibebesha dawa ya kansa, na dawa ikafika katika uvimbe, hata katika ubongo wa panya, mahali ambapo dawa nyingi huzuiwa mlangoni.

Nuru inayotibu

Kutibu kwa nuru si jambo jipya. Mwaka 1903 mganga Niels Finsen wa Denmaki alipata tuzo ya Nobel kwa kuutibu kwa mwanga mkali ugonjwa wa kifua kikuu cha ngozi. Kabla ya hapo, mwaka 1900, mwanafunzi Oscar Raab huko Munich alikuwa akiijaribu rangi iitwayo akridini juu ya viumbe vidogo vya majini. Aliona jambo la ajabu: rangi ile iliviua upesi palipokuwa na mwanga, na gizani iliviacha muda mrefu wakiishi. Tangu hapo njia ikafunguka. Mgonjwa hupewa kitu ambacho peke yake hakina madhara makubwa. Mganga huelekeza mwanga mahali pa uvimbe tu. Kitu kile huitwaa nguvu ya mwanga na kuipitisha kwa oksijeni iliyo jirani. Na oksijeni hiyo, iliyokwisha kuwa kali, huiunguza seli kutoka ndani. Nyama isiyoangaziwa huachwa salama. Mwaka 1993 Kanada ilitoa kibali kwa dawa ya kwanza ya namna hiyo, kwa kansa ya kibofu.

Mwaka 2014 wataalamu wengine wa Beijing walionyesha kwamba nukta za kaboni zilizotengenezwa kwa namna fulani zaweza kuifanya kazi hiyo vizuri sana: walizitia katika uvimbe wa panya, wakauangazia, na uvimbe ukateketea. Aina nyingine za nukta huugeuza mwanga kuwa joto, zikaichemsha seli mahali pake. Hivyo punje ileile yaweza kumwonyesha mganga adui alipo, na kisha kumpiga.

Masizi yaleyale ni adui

Hapa tusimame kidogo, maana kuna hatari ya kuelewa vibaya. Mtu asiseme: kumbe masizi yana dawa, nami nitayalamba. Masizi ya jikoni ni sumu. Mwaka 1775 mganga Percivall Pott wa London alieleza kwamba wasafishaji wa dohani, waliotumwa kuingia ndani yake tangu walipokuwa watoto wadogo, walishikwa baadaye na kansa ya ngozi mahali pa siri, kwa sababu ya masizi yaliyojaa mwilini mwao. Hiyo ni mojawapo ya kansa za kwanza zilizojulikana kuletwa na kazi ya mtu. Nukta za Purdue hazikuwa masizi. Zilikuwa punje chache zilizotolewa humo kwa tindikali na kusafishwa kwa uangalifu.

Na moshi unaoyazaa masizi hayo unaendelea kuua. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa nyumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na katika hao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Basi baba atakayetoboa dirisha jikoni au kumnunulia mkewe jiko lisilo na moshi mwingi amefanya kazi ya uganga nyumbani mwake.

Njia ndefu kutoka panya hadi mtu

Sasa tulirudie lile tumaini tuliloliacha. Je, kaboni ni salama kwa sababu imo miilini mwetu? Hapana, haitoshi kusema hivyo. Punje ndogo ina tabia yake, na tabia hiyo hutegemea ukubwa, vazi, na vitu vilivyoshikamana nayo. Tena kuna shida ya usafi. Unapopika maji ya machungwa hupati kitu kimoja, bali mchanganyiko wa mambo mengi, na mpishi wa leo hapati sawa na mpishi wa jana.

Jilin ilitoa mfano mzuri wa unyofu. Tumesema kwamba mwaka 2013 walipata nukta zenye mng'ao wa 80 katika 100. Mwaka 2015 kundi hilohilo liliichunguza kazi yake lenyewe, likaonyesha kwamba sehemu kubwa ya nuru ile haikutoka katika kiini cha kaboni, bali katika molekuli ndogo iliyozaliwa ndani ya chungu kilekile. Wangaliweza kunyamaza na kuifurahia sifa yao. Hawakunyamaza, na kwa sababu hiyo wengine wamejifunza kusafisha na kupima vizuri zaidi. Fikirini ingekuwaje kama dawa ingaliingizwa katika mishipa ya watu, na mtengenezaji hajui ni kitu gani kinachong'aa!

Kwa hiyo tuseme wazi: matokeo tuliyoyasimulia ya kuonyesha na kutibu kwa nukta za kaboni ni ya panya, nazo hazijawa dawa ya kawaida ya hospitali. Ndugu zake weusi wasiong'aa, hao ndio waliokwisha kuingia kazini: huko China wapasuaji huchoma sindano ya punje nyeusi za kaboni zenye nanomita 150 hivi ili tezi ndogo zinazoizunguka kansa ya shingo zigeuke nyeusi na kuonekana, na mahali pengi waganga huchora alama ya kaboni ndani ya utumbo ili waikute tena siku ya kupasua. Mtu akija kijijini na chupa, akidai kwamba maji yake yana punje za nano zinazoponya kansa, mjue kwamba anauza jina tu. Fedha atakazochukua zingeweza kumpeleka mgonjwa hospitali wakati bado kuna nafasi.

Wakati tunangoja

Lipo jambo moja ambalo habari hii yote yafundisha, nalo halihitaji laza wala kamera: kansa ionekanayo mapema hutibika kwa urahisi kuliko ile iliyojificha. Kuna njia rahisi inayotumika katika nchi nyingi za Afrika kwa kansa ya mlango wa kizazi. Muuguzi aliyefundishwa hupaka siki hafifu, ile asidi iliyomo katika siki ya mezani, na baada ya dakika moja hivi mahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Huko Mumbai, India, jaribio lililoandikwa mwaka 2014, lililowahusu wanawake 150,000 hivi, lilionyesha kwamba njia hiyo ilipunguza vifo vya kansa hiyo kwa 31 katika kila 100. Nayo yafuata nia ileile ya nukta za kaboni: kukifanya kitu kilichofichika kijionyeshe kwa rangi, ili mkono wa mganga ujue pa kwenda.

Basi mama aonaye uvimbe katika titi lake, au damu isiyo ya wakati wake, asione haya, wala asingoje mpaka maumivu yaje. Na baba asimzuie kwa ajili ya nauli. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kansa ni ghali mno. Ninyi wanafunzi mnaopenda kemia, kumbukeni ya kuwa nukta za kaboni zilipatikana katika takataka ambazo watu wangeweza kuzimwaga, na kwamba kazi ya kuzisafisha, kuzipima na kuzijua haijakwisha. Ingali inawangoja wenye macho makini na mikono safi.